Droo ya Wajane

Baba,

Ni mimi, Wanjiru wako. Miezi miwili imepita tangu tukuzike, na Mama bado anapakua sahani yako, kisha anakirudisha chakula kwenye sufuria.

Ijumaa chama cha ushirika kinagawa lile shamba lililonunuliwa kwa mzungu kule Mau Narok. Mwanachama aliye hai anatia sahihi mwenyewe. Mjane anatia kwa niaba ya mumewe, lakini lazima awe kwenye orodha ya wajane. Leo karani aliyechukua kiti chako alivuta droo ya wajane, akakuta kikaratasi kimoja tu. Akacheka. "Msichana, mzee wako alikuwa anaweka hewa humu? Orodha iko wapi?"

Niliona haya, halafu nikakasirika. Jumamosi ngapi ulinikalisha kwenye meza ile ukinieleza? Orodha iliyoandikwa huzeeka siku ileile, ulisema, kwa hiyo wewe huweki orodha, unaweka swali. Anayetaka wajane anasoma kikaratasi: toa kadi za wanachama waliofariki, kisha kwa kila moja tafuta kadi ya mke kwenye droo ya familia. Na anayetaka wa shamba la Mau Narok peke yao asitoe wajane wote kwanza. Aongeze hilo kwenye swali kabla hajagusa kadi yoyote.

Nilifanya hivyo, karani akiniangalia. Wakatoka wajane saba. "Kumbe!" akasema, akaacha kucheka.

Mama hakutoka.

Nilirudia mara tatu, Baba. Mwishowe nikavuta kadi yako. Umeandika kwa mkono wako mwenyewe: hai. Karani akanipa kalamu. "Cheti cha kifo nimekiona, mwanangu. Andika tu."

Sikuweza. Nilitoka mbio, nikalia barabarani watu wakinitazama.

Nisipoandika, Mama hapati shamba, na nyumba hii ya chama tunatakiwa kuihama. Nikiandika... Baba, hakuna mahali pengine palipobaki pameandikwa kwamba uko hai.

Kesho nitarudi. Nitalikata neno lako kwa mstari mmoja mwembamba, ili bado lisomeke. Kisha nitauliza swali lako upya, na safari hii Mama atatoka.

Nisamehe. Pumzika sasa, Baba. Ijumaa nitasimama kando yake akitia sahihi, sitamwacha peke yake.

Wanjiru