Injini Iliyokwisha Kupashwa Moto

Jumanne

Chai ile ndiyo iliyoniponza. Mwezi mzima nimemfundisha binti yangu Neema, anayetafuta gari la kununua: gari la turbo liwashwe mbele yako injini ikiwa baridi, uone kama litatoa moshi wa bluu, dalili kwamba linaunguza oili. Injini ikishapata moto, inaficha ubovu huo.

Jumamosi tulikwenda kuona gari moja kule Levolosi, na muuzaji alisema, "Shikamoo mzee, chai kwanza." Nikiwa nakunywa, nikasikia injini ikinguruma uani. Nilijua wanaipasha moto, ila niliona aibu kuacha kikombe cha watu.

"Baba, ninunue?"

"Nunua."

Leo asubuhi Neema ameliwasha gari likiwa baridi. Moshi wa bluu ulijaa mpaka kwa jirani.

"Baba, si ulilikagua?"

Nikajibu muuzaji ni tapeli. Sikumwambia kwamba niliisikia injini ikipashwa moto.