Sauti ya Marehemu Niliitengeneza Mimi

Mpendwa mshauri, nisaidie kabla ya Jumamosi, kwa sababu mke wangu siwezi kumtazama usoni. Mimi ni fundi wa video za mazishi hapa Kimumu, Eldoret, na siku hizi kompyuta inaiga sauti ya mtu yeyote ukiipa rekodi zake chache, sasa George, kifungua mimba wa jirani yetu aliyefariki, akaniletea rekodi za babake akidai familia inataka kumsikia mzee mara ya mwisho, akanipa maneno kwenye karatasi nami nikayaingiza jinsi yalivyo: "Mama yenu arudi nyumbani Siaya, hii nyumba ya Kimumu nimemwachia George." Nilimuuliza kama kweli mzee alisema hivyo, akacheka, "Wewe ni fundi ama wakili?" nami nikaendelea, hata nikaongeza kile kikohozi cha mzee ili kazi ipendeze. Kumbe aliiwasha sauti hiyo mbele ya familia akisema ameipata kwenye simu ya babake, nami nilikuwa pale nikirekodi maombi, nikamwona Mama Hellen, mjane wake, akijifunika uso kwa leso: "Hata kikohozi ni chake. Neno la marehemu halipingwi." Binti yake Brigid alipouliza mbona baba hakuwahi kulitaja jambo hilo, akaambiwa asitukane wafu. Sasa Mama anafunga sufuria zake, lori linakuja Jumamosi, na George ameniambia nikifungua mdomo sitapata kazi mji huu. Mimi ni fundi tu, nifanye nini?

Joash, Kimumu

"Mimi ni fundi tu." Umeandika hivyo, Joash, kana kwamba ni barua ya daktari inayokuondolea lawama. Anayemchongea mwizi ufunguo wa nyumba ya jirani, naye ni fundi tu? Kompyuta haikujua mzee anakohoa vipi. Ulijua wewe, kwa sababu mmeishi ua kwa ua, na ujirani huo ndio unaomfukuza mjane wake.

Nakusifu kwa jambo moja: umeandika kabla lori halijafika. George alijua anachofanya. Wosia wa karatasi ungeitiwa mashahidi, lakini mama aliyelelewa kuheshimu neno la mumewe hawezi kuihoji sauti yake. Heshima hiyo ndiyo mliyoigeuza kamba ya kumburuta nayo. Wala usiniambie dunia imeendelea. Uongo ni ule ule, umenunuliwa mashine.

Kesho asubuhi nenda kwa Mama Hellen. Usipige simu, usitume ujumbe. Mwombe Brigid awepo. Beba kompyuta na ile karatasi yenye mwandiko wa George, kaa chini, useme, "Mama, sauti ile niliitengeneza mimi." Akikataa kuamini, ifanye sauti hiyo iseme jambo lingine mbele yake. Atalia upya, na hutainuka mpaka amalize. Kisha fuatana naye kwa chifu na kwa wakili, uyarudie yote na uweke sahihi. Kazi ambazo George atakunyima, mwachie.

Nanyi mafundi wa video, kutoka Kimumu hadi Plateau: kama kuna marehemu uliyemsemesha asichosema, nenda mwenyewe ukabishe mlango wa mjane wake wiki hii, umwambie.