Nafasi Sita za Jina ya Djo

Kashikishi, Nchelenge
Tarehe 10 Machi 2025

Yaya Valère, kaka yangu mupendwa,

Jambo yaya, jambo sana. Sijui kama barua hii itakukuta asubuhi ao magaribi, juu saa zenu za kule Edmonton haziingii kichwani mwangu. Lakini itakavyokukuta, vua kwanza ile makoti yote ya baridi, kaa chini, soma polepole. Mugongo yako inaendelea namna gani? Na yaya Chouchou, ile damu yake yenye inapandaka, imeshuka? Plamedie ameota meno ya mbele ao bado anacheka na matundu? Sisi huku tuko wazima. Mama anakohoa kidogo juu ya mvua, lakini anakula. Mimi miguu inanivimba, na koo imekufa kabisa, leo nasema na sauti ya muzee wa tumbaku. Mungu anasaidia.

Nakuandikia na kalamu juu kwa simu haiwezekani. Kwa simu weye ndiye unasemaka, mimi naitika, kredi inaisha. Gaëlle wa mama Brigitte, ule tulikuwa naye jirani kule kambini Mantapala, ameitwa kwa safari yake ya kuhamia muji wenu. Anaondoka siku ya ine, Alhamisi. Nitamupa bahasha hii. Ndani kuna barua na kadi ya memori, ndogo kama ukucha. Usianze na kadi. Nakujua, yaya. Soma kwanza.

Jana mwaka ilitimia tangu mudogo wetu Djo alitutoka. Weye haukuwa hapa, acha nikuambie tena vile ilikuwa. Ilikuwa wakati wa kipindupindu. Watu wa afya walimufunga ndani ya plastiki, wakamuzika mbio, sisi tukisimama mbali. Siwasemi vibaya, walifanya kazi yao. Lakini hakuna mutu alimulilia kwa jina. Tangu ile siku Mama ameomba kitu moja tu: mwaka ikitimia, Djo aitwe kwa sauti kubwa mbele ya watu. Hakuomba ngombe, hakuomba saruji ya kaburi. Aliomba jina.

Alor nikatunga wimbo. Nani mwingine angeimbiwa na orkestra yetu kama si Djo? Yeye ndiye aliianzisha, yeye ndiye alichonga gitare yenye Kalenga anatupigiaka, na mbao ya mutumbwi ya kuvunjika. Kule mwisho wa wimbo, kwenye gitare inapanda na watu wanaamka kucheza, niliacha nafasi sita. Sita, yaya. Pale gitare inanyamaza kidogo, naita: Djo! Inapanda tena, inanyamaza, naita: Djo! Bila ile nafasi sita hakuna wimbo, kuna kelele tu.

Nilichagua ile wiki ya kuimba, sababu ni ziwa. Unakumbuka vile muji inalala ile miezi mitatu watu wamekatazwa kuvua. Tarehe moja ya mwezi hii wakafungua, na Kashikishi ikaamka na wazimu. Chisense, wale samaki wadogo, zimeanikwa mupaka mbele ya kanisa, na kila baa inatafuta orkestra kwa sikukuu ya kufungua ziwa. Siku ya kwanza wanawake wa Mununga walileta ngoma zao. Wanacheza na mabega tu, muzuri ya kushangaza, lakini waliwekwa kando ya baa yenye bafle ya muziki, spika kubwa kushinda mulango wa nyumba yetu, hakuna mutu alisikia hata ngoma moja. Siku ya pili vijana wa Chienge wakaleta teatre, hadithi ya mwanaume mwenye kuficha nyavu chini ya kitanda cha mukwe wake. Mvua ikawakuta katikati. Walimalizia ndani ya duka ya sukari, sisi tukichungulia kwa dirisha na matope ndani ya viatu. Nilicheka, lakini nilirudi nyumbani na hasira. Muji yenye wasanii wote hawa, na haina hata nyumba moja ya kuwaonyesha!

Sasa sikia vile walinikulia wimbo.

Umeme hapa inakuja kama mugeni wa haraka, inasalimia, inaenda. Bila jenereta hakuna muziki. Ba Kaoma, mwenye ile baa karibu na bandari, akatuazima jenereta yake, na mafuta ndani. Mutu mwema, sikatai. Lakini unajua desturi yetu ya orkestra: mutu akikusaidia, unamutupia jina ndani ya wimbo. Akaniambia, "Noëlla, mimi sihitaji mambo mengi. Uniite tu mara moja, pale watu wanaamka." Nikajiambia, mara moja haina shida. Djo anabakia na tano.

Kiisha kukawa Ngosa, mwenye kuchora kuta za maduka. Nilimuomba achore sura ya Djo kwenye ukuta ya ile baa. Nikamupa foto ya kadi ya ukimbizi, juu hatuna ingine. Alianza vizuri. Macho ilikuwa ya Djo kabisa, nilisimama pale barabarani nikalia. Nikaenda kupika. Kurudi, Djo amevaa kofia ya majani. Kofia ya nani hii? Ngosa asema ba Kaoma alipita, akaona bila kofia ukuta inaonekana tupu. Kurudi tena magaribi, Djo ameota mashavu na ndevu ya ba Kaoma. Mwebantu! Watu wanapita, "Aa, ba Kaoma, wamekupata sawasawa!" Na Ngosa, bila haya, anasafisha brashi na kuniuliza kama na yeye ataitwa ndani ya wimbo. Na mimi bila akili nikamukubalia, juu niliogopa ataongeza miwani.

Mama Thelma alitushonea mashati na mabaki ya vitenge vya sikukuu ya wanawake. Alikataa malipo. Alitaka jina yake tu, na ya mapacha wake nyuma yake. Haya, tatu zikabakia.

Kalenga yeye hakuniuliza kitu. Alinijia kwenye repetisyo, tukifanya mazoezi, siku ya ine na uso ya kondoo. Alikuwa ameshaahidi moja kwa Chipo, mwenye kuuza chisense, juu alitubebea vyombo na gari yake. Na moja kwa baba ya binti mwenye anataka kuoa.

"Kwa baba mukwe?" nikamuuliza. "Wimbo ya marehemu unatafutia nayo bibi?"

"Noëlla, Djo angenielewa," akaniambia.

Ubaya wake ni kwamba ni kweli. Djo angecheka mupaka kukaa chini. Lakini Mama si Djo, na nafasi ilibakia moja.

Siku ya tano simu ikalia. Ilikuwa weye, yaya.

Sitaficha kitu. Ulisema bafle ni weye uliituma, na ni kweli, tunakushukuru, inalia vizuri. Ulisema nisisahau kukuita, "Valère, mukubwa wa Edmonton," na kama pumzi inatosha niongeze Chouchou na Plamedie, watu wa huku wasikie. Ulisema kuhusu theluji, kuhusu kazi, kuhusu jirani mwenye mbwa. Mimi nilikuwa nangoja. Nilingoja useme, na Djo mumemuweka wapi? Haukusema. Ningekuambia basi kwamba imebakia moja, tuichague pamoja. Lakini weye ni mukubwa wangu, nilizoea kuitika. Nikasema, sawa yaya. Nikakupa ile ya mwisho. Makosa ni yangu, lakini hasira tugawane.

Siku ya posho, Jumamosi tarehe munane, tulipiga kuanzia saa kumi. Mama alikuja tangu kambini na karatasi yake ya ruhusa ya siku tatu, imefungwa ndani ya kitambaa. Nilimuwekea kiti ya mbele. Alikuwa amevaa kitenge mupya, na aliambia kila mutu kando yake, hata walevi, kwamba leo watasikia jina ya mwana wake.

Mistari ya kwanza ilienda vizuri. Watu walinyamaza, ndani ya baa, siku ya sikukuu, fikiria. Gitare ikapanda. Nikaita ba Kaoma, baa yote ikapiga kelele. Nikaita Ngosa. Nikaita mama Thelma na mapacha. Nikaita Chipo, nikaita baba mukwe. Kila gitare iliponyamaza, Mama alisogea mbele kidogo kwenye kiti, kinywa wazi, amejitayarisha. Na kila mara alirudi nyuma polepole. Ya sita nikakuita weye. Watu walicheza sana. Walisema wimbo hii ni moto.

Alinifuata nyuma ya bafle. Hakukasirika, ingekuwa afazali. Alinishika mukono akasema, "Noëlla, unisamehe mama. Masikio yangu imeanza kuharibika. Wakati ulimuita Djo sikusikia. Ilikuwa mahali gani?"

Yaya, nilitaka ardhi inimeze. Na unajua nilijibu nini? Nilisema bafle ilikuwa na kelele. Nikamuacha aende kulala akifikiri ni masikio yake. Nilijichukia mupaka asubuhi.

Jana, siku ya Mungu, kiisha misa, watu walikuja nyumbani kwa maombi ya kuondoa matanga. Majirani, wanawake wenye kuanika samaki, orkestra yote. Mbele ya kuanza nilimuambia Mama ukweli wote, mbele ya wote. Masikio yako ni mazima, Djo hakuitwa, niligawa nafasi zake kama karanga. Aliniangalia. Akasema, "Basi imba." Ni hivyo tu.

Kalenga akaanza kunong'ona, ba Kaoma akisikia tumemutoa atachukua jenereta. Nikamuambia achukue! Siku zote za Djo tuliimba bila umeme, na tuliimba vizuri kushinda sasa. Baba mukwe wake alikuwa ameketi pale pale. Maskini Kalenga, alitoka jasho, lakini alipiga.

Tukaimba na gitare moja tu, ile Djo alichonga. Chipo akashika simu, akarekodi, ndiyo iko kwenye kadi. Utasikia na jogoo, usijali. Gitare ikapanda, nikaita Djo. Mama akashika kinywa. Nikaita ya pili. Ya tatu wanawake wakaanza kulia, ile kilio yenye tulikuwa tunaidai mwaka muzima. Ya ine, ya tano. Ya sita gitare ikanyamaza, nikafungua kinywa, na sauti haikutoka. Wiki nzima niliimaliza na majina ya watu wengine. Kalenga aliniangalia, mukono juu ya nyuzi, anangoja.

Sasa unaweza kuweka kadi ndani ya simu. Ile ya sita, pale nilikuahidi weye, sauti utasikia si yangu. Ni Mama ndiye anamuita.

Leo asubuhi alirudi kambini, karatasi ilikuwa imeisha. Ba Kaoma alikuja kuchukua jenereta mbele hata ya chai, hakusalimia mutu. Na kwenye ukuta, chini ya sura yenye ilikuwa ya Djo, Ngosa ameandika BA KAOMA na herufi nyekundu. Hasira yangu haijaisha, nakuambia wazi. Ila macho ni ya Djo bado, nikipita naiangalia yenyewe tu. Bafle yako iko hapa kando ya kitanda. Kama unaitaka, sema, lakini Gaëlle hana nafasi ndani ya mizigo, amejaza chisense.

Usinikasirikie sana. Ao kasirika, kiisha unipigie, na safari hii unisikilize. Mama anauliza utakuja lini kuona kaburi. Sikumujibu, hii si yangu ya kujibu.

Hapa kuna nafasi ya kutosha, acha niite wote. Salamu kwa yaya Chouchou. Salamu kwa Plamedie na meno yake. Salamu kwa mujomba Didier kama bado anakuja kwenu kula siku ya Mungu, na kwa ule jirani wenu mwenye mbwa. Hapa wanakusalimia Mama, Kalenga, mama Brigitte, hata Ngosa. Na weye, yaya, nakuita kama nilivyoahidi: Valère, Valère, Valère, Valère, Valère, Valère. Uhesabu, ni sita. Hizi zote ni zako, hakuna mutu atakunyanganya.

Mungu akulinde ndani ya ile baridi, akupe usingizi muzuri, akurudishe siku moja kwa mulango wa Mama.

Mimi mudogo wako, mwenye koo ya kukauka na mapendo yasiyokauka,

Noëlla