Mtu wa Kusimama Nyuma ya Benchi

Jumamosi, Lodwar. Upepo umevuma tangu alfajiri na vumbi limeingia mpaka kwenye mkebe wa sukari. Nimerudi kutoka Kakuma saa kumi hivi na bado sijavua viatu. Nikivua nitajilaza, nikijilaza sitaandika. Najijua.

Mnaonisoma kwenye ukurasa huu mmezoea kilo. Nimechuchumaa na ngapi wiki hii, visigino vimekaaje, pumzi naibana wapi. Leo mtanivumilia, kilo zitakuwa chache.

Kwa aliyeingia leo: naitwa Ekiru, ni fundi wa kuchomelea vyuma, na huu ni mwaka wa sita nanyanyua vitu vizito bila dawa yoyote. Sahani za uzito nilizikata mwenyewe nikazipima kwenye mizani ya duka la mahindi, mwenye duka akanitazama kama mtu aliyepigwa na jua. Vijana wakiniuliza najidunga nini, huwa nawajibu kwamba najidunga maharagwe. Hilo la kutotumia dawa ndilo jambo moja ninaloweza kujivunia mbele ya watu.

Na ndilo nililomnyang'anya Lual.

Lual ni Msudani Kusini anayeishi kambini Kakuma. Ana kibanda cha kuuza sabuni na betri na kuchaji simu. Kwa miaka mitatu tulifanya mazoezi pamoja, na mimi ndiye niliyekuwa nikimfuata, maana yeye kutoka kambini kunataka karatasi ya ruhusa. Benchi la kusukumia chuma lililo nyuma ya kibanda chake ni kazi ya mikono yangu. Lakini kulilalia vizuri alinifundisha yeye. Kabla yake nilikuwa nasukuma chuma kama mtu anayesukuma gari lililokwama mchangani, nguvu zote mikononi. Akaniambia nibane mabega nyuma, nikanyage chini kwa unyayo mzima, niteremshe chuma polepole, nikitulize kifuani kwanza, ndipo nisukume. Kwa maneno hayo tu niliongeza kilo kumi na tano.

Mwalimu wangu alikuwa pia mshindani wangu, na moyo wangu haukuliweza hilo.

Tulikuwa na kanuni yetu. Anayesimama nyuma ya benchi kumlinda aliyelala hagusi chuma mpaka aitwe kwa jina. Ukigusa bila kuitwa, jaribio la mwenzako limekufa, na mtu anaweza kukununia mwezi mzima. Ukiitwa, unashika hapo hapo.

Mwaka jana Lual alijaribu kilo mia na arobaini. Mimi nilikuwa sijavuka mia na thelathini na tano. Chuma kilishuka vizuri, kikatulia, kikapanda, kikasimama katikati. Akaniita, "Ekiru."

Nilisikia. Nataka liandikwe hivyo, kwa sababu mwaka mzima nimewaambia watu kwamba mambo yalitokea ghafla. Hayakutokea ghafla. Nilisikia jina langu na mikono yangu ikabaki kiunoni. Sijui ilikuwa pumzi moja au mbili. Nilikuwa nikifikiri kwamba basi, leo hanipiti.

Nilifurahi.

Kisha upande wa kushoto ukalegea, nikasikia mlio kama turubai linapasuliwa, na ndipo nikashika. Msuli wa kifua ulikuwa umechanika.

Lililofuata ni baya zaidi, na nililifanya nikiwa nimekaa kwenye kiti, bila haraka. Mliniuliza hapa kilichompata. Nikajibu kwamba mwili uliolishwa kwa haki hauchaniki hivyo. Sikutaja dawa. Sikuhitaji. Haikupita wiki, Kakuma yote ikawa inasema Lual alikuwa akijidunga sindano. Alikuwa karibu kuchukuliwa kufundisha mazoezi vijana wa kambini, akachukuliwa mwingine. Kanisani kwao wazee walimwita wakamuuliza. Niliyasikia yote hayo, mimi huyu mnayemsifu kwa usafi, na nikanyamaza. Uvumi ulinifaa. Maadamu watu walikuwa wanaongea habari ya sindano, hakuna aliyeuliza nani alikuwa amesimama nyuma.

Tangu hapo nanyanyua peke yangu. Nimechomelea mikono miwili ya chuma kwenye benchi la hapa Lodwar, mmoja kila upande, inishikie mzigo nikishindwa. Mkasifu ubunifu wangu. Haukuwa ubunifu. Siwezi kumwomba mtu asimame nyuma yangu, kwa sababu najua mtu anaweza kuwa anawaza nini akiwa amesimama pale.

Na kila chuma kinapogusa kifua, naitwa. Sauti ni ile ile, haina hasira, haipandi. Naisikia mchana kweupe, hata kazini, jenereta ikinguruma. Wiki jana nilizima mashine nikageuka kumwangalia aliyeniita, na mteja akaniuliza kama niko salama. Kutoka mia na thelathini na tano nimeshuka mpaka mia na kumi na tano. Nimewaambia ni bega. Bega langu ni zima kabisa.

Leo nikaenda. Nilikuwa nimepanga maneno tangu Lodwar, mazuri kweli, yenye mwanzo na mwisho. Aliponiona akanisalimia kwa Kiturkana kama zamani, "Ejok, Ekiru," na maneno yote yakayeyuka. Nikakaa kwenye kreti ya soda nikasema moja tu.

"Siku ile uliniita. Nilisikia."

Alikuwa anachomeka simu ya mteja. Akamaliza kuichomeka.

"Mimi najua," akasema.

Nikamuuliza alijuaje.

"Mtu nalala kwa benchi, naangalia wapi? Naangalia juu. Juu iko uso yako." Akachukua simu nyingine. "Wewe ilicheka, Ekiru."

Mwaka mzima alijua. Alikuwa akinitumia salamu za sikukuu huku anajua. Nililia pale, mbele ya watu waliokuja kununua sabuni, na sioni aibu kuliandika.

Yeye hakulia. Akasema, "Ya kifua, kalas, imeisha. Ile maneno uliandika, hiyo bado. Enda andika ingine."

Basi naandika. Lual hajawahi kutumia dawa, si ya kumeza, si ya kudunga. Aliumia kwa sababu aliyemwamini alichelewa kumshika kwa makusudi, na aliyemwamini ni mimi. Kesho baada ya ibada nitalisema kwenye jimu ya hapa Lodwar kwa mdomo wangu, na Jumamosi ijayo nitalisema kambini, mbele ya wazee wa kanisa lake. Atakayeacha kunisoma hapa, sina neno naye.

Ningependa kuishia hapo, maana hapo naonekana mtu mzuri.

Lakini baadaye alinipeleka nyuma ya kibanda. Ameanza kusukuma tena. Akaniambia amefika kilo tisini. Machozi yangu yalikuwa hayajakauka, wallahi, na kichwa changu kikawa kimeshatoa hesabu: zimebaki ishirini na tano anifikie. Kitu kile kile cha mwaka jana kikaamka. Nikaogopa kuliko nilivyowahi kuogopa chini ya mzigo wowote.

Nikamwambia ukweli, kwamba kile kitu bado kimo ndani yangu, na kwamba atafute mtu mwingine wa kusimama nyuma yake.

"Huyo mwingine mimi sijui," akasema. "Wewe nakujua."

Waswahili husema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Sikuwahi kudhani siku moja nitakuwa mimi ndiye zimwi.

Akalala kwenye benchi akabana mabega. Nikasimama nyuma, viganja vyangu viwili chini ya chuma, karibu kabisa bila kugusa, kikishuka nashuka nacho, kikipanda napanda nacho. Alisukuma mara tano. Usoni hakuniangalia hata mara moja. Muda wote macho yake yalikuwa kwenye mikono yangu.