Cucu, Hatuhami

Cucu,

Wiki ya tatu tangu sisi wajukuu wako tukuzike, na tayari wanataka kufunga kikundi chetu. Jumapili baada ya ibada, Mama Njeru anayesimamia vikundi vyote vya ushirika vya kanisa letu la Mennonite alisema sisi saba tuliobaki twende kikundi cha sokoni Kianjokoma. "Nyumba haina mwenyewe," alisema. "Mtakutana kwa nani?" Watu wakatazama chini. Na mimi pia, unanijua.

Lakini kule sokoni mmoja anahubiri na wengine wanasinzia. Kwako kila mtu alisema alichoelewa, hata mimi, ambaye ulisema sauti yangu ni ya panya ndani ya gunia la mahindi. Hukujua kusoma. Nilikusomea Biblia, halafu ukanikosoa mbele ya wote: "Rudia. Hapo umeruka." Na kweli nilikuwa nimeruka.

Jumatano ilikuwa siku ya kuoshana miguu nyumbani kwako, kama Yesu alivyowaosha wanafunzi wake. Mama Njeru alikuja kutuaga. Mimi nikafuata sheria yako, kwamba unamwosha uliyekosana naye. Nikachukua karai nikapiga magoti mbele yake.

"Kwani tumekosana, mtoto?"

"Ndiyo, Mama. Hutaki tukutane hapa."

Nikamwosha polepole, hadi katikati ya vidole, nikampangusa. Akatulia. Nadhani aliona nimekubali. Nikamwambia, "Nimekuosha, na hatuhami. Baba amenipa ufunguo wa nyumba hii." Sauti haikutetemeka. Sawa, ilitetemeka kidogo.

"Huyu amefundishwa na nani?" akawauliza wengine.

"Na mwenye nyumba," Mzee Ireri akajibu, akivua soksi.

Ikawa zamu ya Mama Njeru kuniosha. Alinisugua kama sufuria iliyoungua. "Kichwa ngumu kama ya cucu yako," akasema. Hajakubali. Anapeleka jambo hili kwa mchungaji. Apeleke. Nitamwambia mchungaji maneno yaleyale.

Lala sasa, Cucu. Bado nina hasira kwamba ulituacha katikati ya kitabu cha Ruthu, ukitaka kujua kama yule Boazi ni mtu wa kuaminika. Jumatano ijayo nitafungua mlango saa tisa na kusoma sura ya nne, yenye jibu lako, kwa sauti ya kusikika barabarani. Tukiwa saba, sawa. Nikibaki peke yangu, nitasoma yote.

Mjukuu wako,
Wawira