Jiwe Nililomwonyesha Karisa

Mjukuu wangu Rehema,

Shikamoo yako nimeipata, marahaba. Huku Barani tupo. Mama yako bado anakohoa. Umeniuliza kwa nini nilikataa kulishika lile jiwe lenye umbo la konokono uliloniletea.

Miaka ya themanini, nikiwa msichana, mimi na kaka yangu Karisa tulikuwa tukiokota mawe kama hayo korongoni, bara ya Tezo. Aliyapenda mno. "Kadzo, hapa palikuwa bahari," aliniambia. "Hawa walikuwa hai."

Siku moja baada ya mvua nikamwonyesha moja kubwa ukingoni. Aliinama kulichimbua, ukingo ukamporomokea. Mimi na majirani tulimfukua kwa mikono, lakini tulichelewa.

Hatukuwahi kumpiga picha. Mdudu yule wa kwenye jiwe alikufa kabla watu hawajakuwapo, na kila mstari wa gamba lake bado unaonekana. Kaka yangu ana miaka arobaini tu kaburini, na sura yake imenitoka. Nikifumba macho nauona mgongo wake tu, ameinama pale nilipomwonyesha.

Wewe soma mawe yako, mjukuu wangu. Ila usisimame chini ya ukingo, hata akikuita mtu anayekupenda.

Bibi yako,
Kadzo