Kila Jumamosi Nampunguzia Suruali

Mpendwa Mama Eduviges, naomba msaada wako, na usidhani nimerukwa na akili, mimi ni fundi cherehani hapa El Alto, nina miaka arobaini na moja na kazi yangu inasifiwa, ila naishi peke yangu kiasi kwamba ni kipindi chako cha redio tu kinachonisemesha.

Nampenda Eliseo, mpiga tarumbeta kubwa wa bendi ya mtaani, mwaka wa sita huu, naye huniita "fundi wangu" basi. Januari, siku ya soko la vitu vidogo, watu wakinunua vijigari na vijumba ili mwaka uwaletee vikubwa, nami nikanunua kisanamu cha bwana harusi wa jasi, kimo cha kidole, sura ni Eliseo mtupu, mganga akamfukizia moshi saa sita mchana kamili, nikamweka kabatini. Mama, akaanza kukua! Sasa ananifikia kiunoni, hasemi, anakaa kitini nikinywa chai nami namsimulia mambo yangu yote, na hilo silo tatizo, tatizo ni kwamba kadiri huyu anavyorefuka Eliseo wa kweli anafupika.

Kila Jumamosi ananiletea suruali nimpunguzie. "Fundi wangu, mbona nguo zako zikifuliwa zinarefuka?" ananitania. Wenzake wanamwambia tarumbeta litammeza. Nami namjibu, "Vitambaa vya siku hizi hivyo, kaka," namdanganya kwa sababu zile dakika kumi za kumpima ndizo ninazoishi kwa wiki nzima.

Juzi alikuja na Nilda, muuza viazi vikavu. Wanaoana Agosti, Eliseo anataka suti, na kimo chake sasa ni cha mtoto wa darasa la tano. Nikimvunja wa jasi naogopa na Eliseo atavunjika, nikimwacha, Eliseo atakwisha. Nifanyeje?

Casimira

Casimira, pole. Sasa weka sindano chini unisikilize.

Kila mtoto wa El Alto anajua kitu cha soko lile hujinunulii, mwingine hukununulia. Wewe umekwenda kujinunulia mume, halafu unashangaa kuletewa kwa vipande? Najua, hukuwa na wa kukununulia, na hilo ndilo linaloniuma. Lakini upweke haukupi ruhusa ya kumla mtu kimo chake. Mwenzio anaisha, wewe umeshika futi unapima! Mapenzi hayalazimishwi, mwanangu. Miaka sita Eliseo hakukuahidi kitu, ahadi zote umejipa mwenyewe.

Usimvunje. Jumapili saa sita mchana mfunge huyo wa jasi mgongoni kwa shuka, umpeleke kwa Nilda. Si kwa Eliseo, kwa Nilda. Mkabidhi kwa mikono miwili, awe zawadi kama alivyopaswa kuwa tangu mwanzo, na Eliseo atarudi kwenye kimo chake. Mweleze Nilda yote, na ule uongo wa vitambaa usiufiche. Akikutukana, nyamaza, umestahili. Kisha mshonee Eliseo suti kwa vipimo vyake vya zamani, usipunguze hata nusu kidole.

Harusini nenda. Vaa sketi yako nzuri kuliko zote, usijifiche nyuma. Utalia kidogo, lia. Muziki ukianza usingoje kuombwa: mgeukie uliyekaa naye meza moja, muulize jina lake, umvute mkono mkacheze.